Somo la Bunduki, na Nusu Niliyoiacha

Vijana wangu wa mlangoni, nimekabidhi funguo mwezi uliopita na sasa nashinda nyumbani hapa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, nagombana na mke wangu juu ya viti viwekwe wapi. Alikuwa kanizoea nikiwa kazini. Mliniomba niandike niliyoyaona katika miaka thelathini na nne ya kusimama kwenye milango ya kumbi za harusi, Riyadh kwanza, Jeddah baadaye. Nani alinipandisha cheo na lini, hayo hayatawafaa kitu. Nitaandika ya kazi yenyewe, na zaidi habari ya bunduki, maana mnanijua kwa somo hilo. Wengi wenu mmekaa kwenye benchi nyuma ya jiko mkanisikiliza. Mlichokisikia kilikuwa kweli ila hakikuwa chote, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kushika kalamu.

Baba alitutoa Unguja mwaka wa sitini na nne, mie nikiwa bado nabebwa. Nimekulia Riyadh, mtaa wa Manfuha, katika nyumba kuukuu ya vyumba viwili. Kiarabu nilikipata mtaani, Kiswahili nilikipata kwa mama, na adabu nilizipata kwa mama vilevile, pamoja na makofi. Kubwa katika adabu zake lilikuwa hili: mtu mzima hapiti mbele yako na mzigo. Akitokea jirani na kikapu, unakimbia kumpokea. Usipokimbia, mama anakutupia jicho, na jicho lile lilikuwa linauma kuliko kofi. Nawaeleza haya mapema kwa sababu bila ya hayo hamtafahamu nilivyokosea.

Kazi nilitafutiwa na Maalim Khelef, mtu wa kwetu, msimamizi wa mlango katika ukumbi mmoja kusini mwa Riyadh. Siku ya kwanza nilivaa kanzu mpya iliyonibana makwapa, nikawa nasalimia wageni mikono imebanana ubavuni kama mbawa za kuku. Maalim alinitazama jioni nzima. Siku ya pili akaniita.

"Hemedi, wewe mama yako kakulea," akaniambia. "Adabu hiyo itakufaa hapa kwa kila kitu, kasoro kimoja. Mgeni akija na joho, mpokee. Akija na mkoba, mpokee. Akija na mtoto kalala begani, mpokee. Akija na bunduki, tia mikono mfukoni."

"Hata akiwa mzee?"

"Hata akiwa babu yako kafufuka."

Nilicheka. Maalim hakucheka, na mie nikadhani ni woga wa uzee. Nyinyi wa leo mtashangaa, lakini enzi hizo watu wa jangwani na wa milimani waliona bunduki ndefu begani ni pambo la harusi, mfano wa jambia kiunoni. Waliingia nazo wakacheza nazo ile ngoma yao ya kupanga safu. Wengine walitoka uani wakapiga risasi hewani, na wanawake huko ndani wakajibu kwa vigelegele. Sheria ilikuwepo. Watu ndio walioichukulia kama tangazo la kutovuta sigara.

Nilianza kuifahamu kwa kesi moja ndogo. Alikuja mgeni mmoja, mwalimu wa skuli, mtu mpole kabisa, na bunduki ya kuwindia. Askari wa doria akamwuliza karatasi. Akaitoa, safi, imetiwa plastiki. Jina lilikuwa la kaka yake.

"Ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja," akasema mwalimu.

"Karatasi haikutaja habari za mama," akajibu askari, na mwalimu akapandishwa gari akiwa na manukato yake yote.

Maalim Khelef alinisogelea akanifafanulia pale pale, nami nawafafanulia kama nilivyoelewa, mtu wa mlangoni si wakili. Kibali cha bunduki, wenyewe wanaita rukhsa, hupewa mtu mmoja kwa bunduki moja, na namba ya bunduki imeandikwa humo. Kibali ni kama mswaki, hakiazimwi. Humwazimi ndugu, humwazimi mwanao, sembuse dereva. Tena kuwa na kibali cha kumiliki si ruhusa ya kuibeba wazi mbele za watu. Bunduki ya kuwindia ina pahala pake na wakati wake, na harusini si pahala pake, wala sokoni, wala barabarani. Na kuifyatua kwa furaha ni kosa hata kama bwana harusi ni mwanao wa pekee uliyempata uzeeni.

Hili la mwisho tulilisoma kwa maji. Mwaka mmoja mjomba wa bibi harusi alifyatua mbili uani, akatoboa tangi la maji juu ya paa. Wageni wote walitawadha kwa maji ya chupa, na mjomba akaondoka na askari, ndevu zinamchuruzika. Baada ya hapo mwenye ukumbi akawa hampokei mtu mpaka baba wa harusi atie saini karatasi ya ahadi, ile taahudi mnayoijua, kwamba hakuna silaha itakayoingia. Mnaiona leo kama karatasi ya kawaida. Ilizaliwa siku ile tangi lilipovuja.

Niliingia Jeddah nikiwa mtu wa makamo, Maalim kesha kufa, Mungu amrehemu. Nilikuja na kabati lake la chuma la kufuli mbili, lile lililoko nyuma ya meza ya mlangoni. Msije mkaweka bunduki humo, hata mgeni akiwaapia. Ukumbi hauna kibali cha kuhifadhi silaha, kwa hiyo ikilala kabatini mwetu, imelala kwetu kinyume cha sheria. Mwambieni kwa upole airudishe nyumbani mwenyewe, kwa mkono wake. Ngoma siku hizi huchezwa kwa bunduki za mbao zilizopakwa rangi, nazo pia zibaki ndani ya mifuko ya ngoma mpaka zifike ndani. Askari aliye ndani ya gari, mita mia moja mbali, haoni mbao. Anaona mtu na bunduki.

Sasa nafika nilipokuwa napazunguka.

Kulikuwa na harusi ukumbini kwetu Jeddah, ya watu wa milimani, wa juu huko Taif. Ni miaka saba sasa. Baba wa bwana harusi alikuwa na dereva wa nyumbani akiitwa Athumani, Mkenya wa Msambweni, umri wake unakaribia arubaini, mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Wiki nzima alikuwa akituletea vitu vya harusi, na kwa kuwa ni Mswahili mwenzangu tukawa tunakunywa chai pamoja nyuma ya jiko. Akiniita ami. Habari zake nyingi zilikuwa za mama yake aliyemlea peke yake, na kila Ijumaa lazima ampigie simu, asipompigia bibi huyo hali chakula. Sheria za bunduki nilikuwa nawaambia wafanyakazi wa ukumbi tu. Madereva wa wageni hakuna aliyewaambia, na mie sikuona kuwa ni kazi yangu.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, gari lake lilisimama ng'ambo ya barabara kwa sababu upande wetu ulikuwa umejaa. Akateremka babu wa bwana harusi, mzee mrefu wa goti bovu, begani kaning'iniza bunduki ndefu ya zamani aliyoachiwa na baba yake, kitako kimepambwa shaba. Niliiona. Niseme kweli, niliiona vizuri sana. Kazi yangu ilikuwa kuvuka, kumwinamia mzee, na kumwomba airudishe garini. Lakini macho yangu yalitangulia kuona kitu kingine: mtu mzima kabeba, na mtu mwenye nguvu zake kasimama pembeni anachezea ufunguo wa gari. Jicho la mama likanijia. Nikapaza sauti kwa Kiswahili, nusu nikimtania, nusu nikimkaripia.

"Athumani! Mzee wa watu kabeba, na weye mikono mitupu? Ndivyo ulivyofunzwa kwenu?"

Alishikwa na haya, masikini. Akatia ufunguo mfukoni, akamwendea mzee, akaipokea bunduki kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto. Mzee akampa, akambariki. Kisha ili apate mkono wa kumshika mzee, Athumani akaitundika begani. Wakaanza kuvuka barabara pole pole, mzee kaegemea mkono wake, magari yakiwasimamia. Na mie mlangoni nilifurahi. Nilijisemea, huyu naye kalelewa.

Hawakufika. Kwenye tuta linalogawa barabara katikati, gari la doria likasimama mbele yao. Huenda lilikuwa linapita, huenda mtu alipiga simu, sijui. Askari wawili wakashuka, mmoja mkono kiunoni. Bunduki ikatiwa garini, Athumani akaambiwa akae chini. Nilivuka mbio. Mzee alikuwa kesha kutoa karatasi yake, kibali halali, bunduki ile ile, namba ile ile. Askari akaisoma, akamgeukia Athumani.

"Na chako?"

Athumani akatoa ikama, kile kitambulisho cha ukaazi cha mgeni. Kazi: dereva wa nyumbani.

"Nani kakwambia ubebe?"

Athumani alinitazama. Sitasema alinitazama muda mrefu, kwa sababu ulikuwa muda wa kumeza mate tu. Akasema, "Hakuna. Nimemwona mzee amechoka."

Mzee akaanza kumtetea, mkono juu, kwamba huyu kama mwanangu. Askari alimsikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza mie. "Wewe ndiye msimamizi wa ukumbi? Kuna mtu wenu aliyemwambia abebe silaha?"

Nikajibu kwa Kiarabu kizuri kabisa. "Afandi, sisi hapa sheria tunaijua. Kila mfanyakazi wetu anafahamu kwamba bunduki ni ya mwenye kibali peke yake, na haibebwi mbele za watu."

Kila neno lilikuwa kweli. Askari akaniambia laiti kila ukumbi ungekuwa na mtu kama mimi. Tukaenda naye mlangoni, nikamwonyesha tangazo la ukutani na taahudi yenye saini, nikaandika maelezo yangu kwenye karatasi yake, mistari sita. Hakuna mstari uliosema kwamba mie ndiye niliyepaza sauti.

Mtaniuliza kwa nini. Sababu ninayo, na niliikariri kwa miaka. Ikama yangu inafanywa upya kama za kila mtu. Nimekulia hapa, wanangu wamezaliwa hapa, Unguja naijua kwa hadithi za mama. Ningeandikwa jina langu kwenye kesi ya silaha, tungepelekwa wapi? Sababu ni ya kweli. Lakini hata Athumani alikuwa na kwao na watu wake, na sikuwauliza kama wao wangeweza kuibeba kesi hiyo.

Kafili wake, yaani mdhamini aliyemwajiri, yule baba wa bwana harusi, alikuwa na wageni mia tatu wa kuwashughulikia. Alipofika kituoni siku ya tatu alisema, "Halas, mimi sitaki matatizo," akatia saini ya kumrudisha. Mzee aliandikishwa ahadi ya kutorudia. Athumani alikaa ndani majuma kadhaa, akapelekwa tarahili, kule wanakokusanywa watu wa kurudishwa makwao, na kutoka huko akapanda ndege kwa nguo alizokwenda nazo harusini. Mie sikwenda kumtazama. Nilipeleka mfuko wa tende kwa mkono wa mtu, na mtu huyo akarudi nao.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo linalonitia haya mpaka leo. Mwenye ukumbi alisikia nilivyosifiwa, akaniambia niwafundishe wafanyakazi wote habari za silaha, na madereva pia. Somo likapata jina. Kumbi nyingine zikaniazima. Na kila somo likahitaji mfano, na mfano nilikuwa nao. Nyote mmeusikia: dereva fulani asiyejua sheria, aliyeona bunduki akaitundika begani kama mwavuli akavuka nayo barabara. Mlikuwa mnacheka hapo kwenye mwavuli. Mie ndiye niliyeutia huo mwavuli, kwa kuwa niliona unachekesha. Miaka saba nimemtembeza mtu wa watu barabarani akichekwa, na sijawahi kusema nani alimwita.

Siku mlipoagana nami, Idrisa alisimama akaiga somo langu lote, na sauti yangu, na kikohozi changu. Akafika kwa dereva, akatundika ufagio begani, akatembea. Mliangua kicheko. Idrisa, sikulaumu, uliiga vizuri. Mie kilinikwama chakula, nikasema ni mwiba wa samaki, na mkumbuke kwamba tulikula mbuzi.

Jirani yangu hapa anafanyiwa kazi za nyumbani na mama mmoja wa Kikenya, Mwanaisha. Nilimwuliza kama anamjua mtu wa Msambweni kwa jina la Athumani, aliyekuwa dereva Jeddah.

"Si yule alideportiwa mambo ya bunduki?" akasema. "Namjua vizuri sana. Saa hii anaendesha tuktuk huko Ukunda. Nikutumie namba?"

Alinitumia. Nikakaa nayo siku nne. Siku ya tano, asubuhi, nikapiga.

"Ami Hemedi!" Aliitambua sauti yangu kwa salamu tu. "Miaka mingapi! Wajionaje?"

Nikamwambia niache kwanza, nina la kusema. Nikasema lote, tangu mlangoni hadi ile mistari sita, na mwavuli nikamwambia. Nikaisikia injini ya tuktuk ikizimwa.

"Ami, mie nilikungoja useme," akanijibu. "Hata kule ndani. Kila mlango ukifunguliwa, nasema huyo ami amekuja."

"Na mbona wewe hukunitaja?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Ningesemaje, kwamba mkubwa ndiye alonituma?"

Nililia, na kwa kuwa mke wangu alikuwa chumba cha pili nililia kimya kimya. Nikamwomba radhi. Akasema kanisamehe zamani, maisha yanakwenda, ana watoto wawili na tuktuk ni yake mwenyewe.

"Lakini kuna mtu sijaweza kumsadikisha," akasema. "Mamangu. Nilimweleza kisa chote niliporudi. Akanambia, mwanangu, nchi ile yenye Makka haiwezi kumfunga mtu kwa kumpokea mzee mzigo. Umefanya jambo, wanificha. Sijambishia tena. Mwaka wa saba huu, kila akisali yuaniombea toba, nami naitika amina."

Nikamwambia ampe mamake simu. Akasema yeye bado yuko kazini, atafika nyumbani kwa mamake baada ya adhuhuri. Nikangoja. Sijapata kungoja hivyo, hata siku za harusi za wakubwa. Simu ilipolia nilikuwa nimeketi kitako sakafuni, nimevaa kanzu safi kama mtu anayekwenda ugenini.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja, nikamweleza. Nilisema polepole kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu mzima sana. Alinikatiza mara moja tu, akaniambia nirudie maneno yale niliyomwambia mwanawe kutoka ng'ambo ya barabara. Nikayarudia kama yalivyokuwa. Mzee wa watu kabeba, na weye mikono mitupu, ndivyo ulivyofunzwa kwenu.

"Na yeye akaenda kumpokea," akasema.

"Alikwenda, mama. Akampokea, akamshika na mkono."

Nikamsikia akimwambia mwanawe pembeni, "Njoo. Njoo ukae hapa karibu yangu." Kisha nikasikia kiti cha kamba kikilia kwa uzito. Nilidhani sasa atanilaani, na nilikuwa tayari. Nilikuwa naitaka hiyo laana.

"Baba," akaniuliza, "na yule mzee wa goti bovu. Mwanangu walipomtwaa pale kati ya barabara, nani alomvusha?"

Nilifungua kinywa kumjibu. Kisa kile nimekisimulia miaka saba. Najua askari alisimama wapi, najua karatasi ilikuwa na mistari mingapi. Mzee nilimwacha pale tutani, mkono wake bado uko juu, nikaondoka na askari kwenda kumwonyesha tangazo.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sikugeuka kumtazama."